Ramani na Jembe katika Nchi Kame

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa, akiisha kupita Athi River na kukata kushoto kuelekea mji wa Machakos, hukuta vilima ambavyo kwa mbali huonekana kana kwamba vimechanwa kwa kitana. Akikaribia hutambua kwamba mistari ile ni ngazi za udongo, moja juu ya nyingine, kutoka bondeni hata karibu na kilele. Juu ya kila ngazi pana mahindi, kunde, mbaazi au miti ya matunda. Na ukingoni mwake pana majani ya kulishia ng'ombe. Nyingi katika ngazi hizo zilichimbwa kwa jembe, sururu na sepetu, na mikono iliyoshika vyombo hivyo aghalabu ilikuwa ya wanawake.

Akiuliza jina la kazi hiyo ataambiwa ni "fanya juu". Maneno hayo mawili ni ya Kiswahili chepesi kabisa, na maana yake ni kwamba udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, si upande wa chini. Leo maneno hayo yameingia katika vitabu vya kilimo vya lugha za kigeni bila kutafsiriwa, na wataalamu wa nchi za mbali huyatamka kama tuyatamkavyo sisi. Basi ni haki kwamba sisi wenye lugha yenyewe tuijue historia yake. Na historia hiyo si ya mtaro tu. Ni historia ya swali gumu ambalo kila nchi yenye mvua haba hulazimika kulijibu: ni nani aamue jinsi ardhi itakavyotumiwa, yule mwenye ramani au yule mwenye jembe?

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Ukambani iko mashariki na kusini-mashariki ya Nairobi. Sehemu zake za juu, kama Mbooni, Iveti na Kangundo, hupata mvua ya kadiri. Lakini kadiri mtu ateremkavyo kuelekea Makueni, Kibwezi na Yatta, ndivyo mvua ipunguavyo na joto lizidivyo. Misimu ya mvua ni miwili: ule wa Machi hadi Mei, na ule wa Oktoba hadi Desemba, ambao ndio wa kutegemewa zaidi katika upande huo wa nchi. Sehemu nyingi hupata milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, lakini hesabu hiyo humdanganya asiyeishi huko. Mvua ya nchi kame haigawi siku zake kwa usawa. Huweza kunyesha sana kwa siku chache, kisha ikatoweka mpaka mahindi yakakauka yakiwa katika kuchanua. Tena ile mvua kubwa ya kwanza huikuta ardhi tupu, kwa sababu majani yameliwa na kiangazi, na hapo maji badala ya kuingia ardhini huteremka mbio, yakichukua udongo wa juu, ambao ndio chakula cha mmea.

Wakamba wa zamani waliyajua hayo. Familia zililima vilimani, kwenye mvua na maji, na mifugo ilipelekwa nyikani kwenye kambi za ng'ombe ziitwazo syengo. Nyika hiyo ya malisho, iliyoitwa weu, ilikuwa wazi kwa wote. Shamba lilipochoka, watu walilipumzisha wakafungua jingine; mvua ilipokosa upande huu, mifugo ilihamishiwa upande ule. Na kazi iliyomshinda mtu mmoja, kama kufyeka pori au kujenga nyumba, ilifanywa na majirani pamoja katika mwethya, yaani ushirika wa kusaidiana zamu kwa zamu, ambao mwenye kazi aliwalisha wenzake kwa siku hiyo. Mpango huo haukuandikwa mahali popote wala haukuchorwa katika ramani, lakini ulikuwa mpango wa kutumia ardhi, nao ulitegemea jambo moja kubwa: nafasi ya kuhama.

Nafasi hiyo ndiyo iliyoondolewa. Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilijenga ngome Machakos. Karne ile ilipokwisha nchi ilipigwa na ukame, na ng'ombe na watu wakafa kwa wingi katika njaa ambayo Wakamba huikumbuka kwa jina la Ngomanisye. Baadaye serikali ya kikoloni ikachora mipaka. Sehemu za vilima vya Mua na nyanda za upande wa Athi zikapewa masetla, na ardhi kame ya upande wa pili, kama Yatta na Makueni, ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Wakamba wakabaki katikati, ndani ya rizavu. Idadi ya watu na ya mifugo ikawa inakua, lakini mpaka haukusogea. Shamba halikuweza kupumzishwa tena, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kwendea. Na ng'ombe waliozoea kuhamahama wakalazimika kukanyaga mahali pale pale mwaka baada ya mwaka.

Miaka ya mwisho ya 1920 na ya mwanzo ya 1930 ilileta nzige na ukame, na vilima vya Machakos vikabaki mifupa. Mwaka 1937 Colin Maher, bwana shamba wa Serikali aliyehusika na hifadhi ya udongo, aliandika taarifa juu ya rizavu hiyo. Alieleza kwamba nchi ilikuwa mbioni kugeuka jangwa la mawe na mchanga, na watu wake wakielekea katika umaskini usio na matumaini. Wala hakuwa akisema uongo juu ya yale aliyoyaona, kwani picha zilizopigwa mwaka ule zipo hata leo, nazo zinaonyesha makorongo marefu na miteremko isiyo na jani. Ila taarifa za namna hiyo zilitazama zaidi makosa ya mkulima na wingi wa ng'ombe wake. Habari ya mpaka uliomzuia kuhama haikupewa uzito uliostahili. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter ilikuwa imekwisha toa taarifa yake mwaka 1934, na sehemu kubwa ya ardhi waliyoidai Wakamba haikurudishwa.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikusanywa na kupigwa mnada kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama kilichojengwa Athi River kilikuwa tayari kuwapokea. Kwa mwenye ramani hesabu ilikuwa nyepesi: ardhi kiasi hiki hulisha ng'ombe kiasi hiki, basi waliozidi wauzwe. Kwa mwenye ng'ombe hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Ng'ombe walikuwa mahari ya mwanawe, maziwa ya watoto, na akiba ya mwaka ambao mvua haitanyesha. Mtu mwenye ng'ombe kumi huweza kupoteza watano katika ukame na akabaki na mbegu ya kuanzia upya. Mwenye watatu huweza kubaki mikono mitupu. Kumwambia apunguze ng'ombe kabla ya kumwonyesha akiba nyingine kulikuwa sawa na kumwambia avunje ghala lake kabla ya njaa.

Wakamba hawakushika silaha. Walianzisha chama, na msemaji wao mashuhuri alikuwa Muindi Mbingu. Mwezi wa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto wao, walikwenda Nairobi wakapiga kambi huko, wakasema hawaondoki mpaka wamwone Gavana. Walikaa kwa majuma kadhaa kwa utulivu. Hatimaye Gavana Brooke-Popham alikubali kwenda Machakos kuzungumza nao. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha Serikali iliacha kuuza mifugo kwa nguvu. Leo mmojawapo wa barabara za katikati ya Nairobi unaitwa kwa jina lake.

Hapa yatupasa tuwe waadilifu kwa pande zote mbili, kwa maana historia isomwayo kwa hasira haifundishi kitu. Wakamba walikuwa na haki juu ya ng'ombe wao. Lakini ushindi ule haukuuponya udongo. Mvua ya mwaka uliofuata ilikuta miteremko ikiwa tupu kama ilivyokuwa, na mito ikashuka ikiwa myekundu kama ilivyokuwa. Mabwana shamba walikuwa wameona ugonjwa wa kweli, wakaandika dawa bila kuzungumza na mgonjwa. Na mgonjwa, alipoikataa dawa, alibaki na ugonjwa wake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Serikali ilijaribu tena, safari hii kwa fedha nyingi. Mwaka 1946 ulianzishwa mpango wa miaka kumi wa kuendeleza ardhi za Waafrika, chini ya shirika ambalo baadaye lilijulikana kwa jina fupi la ALDEV, na Machakos ikapata fungu kubwa. Makueni, iliyokuwa pori lenye mbung'o, ikaanza kufyekwa ili familia zipate mahali pa kuhamia. Katika vilima, watu waliamriwa kuchimba mitaro kwa siku zilizowekwa, wakisimamiwa na machifu na wazee wa vijiji, na asiyefika aliadhibiwa. Namna ya mtaro iliyotumiwa sana ilikuwa ile ya kutupa udongo upande wa chini, kwa kuwa kazi yake ni nyepesi na urefu mkubwa huchimbwa kwa muda mfupi. Lakini mitaro hiyo ilikuwa myembamba, na mvua kubwa ilipokuja ilijaa mchanga au ikapasuka.

Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa wamekwenda kutafuta mshahara mijini na katika mashamba ya masetla. Mwanamke aliacha shamba lake likimea magugu akaenda kuchimba mahali alipoonyeshwa, wala hakuulizwa mtaro upite wapi. Tena watu walikuwa na hofu ambayo haikukosa sababu: kwamba ardhi ikiisha kutengenezwa na Serikali, Serikali itaichukua. Waliokwisha kuona mipaka ikichorwa bila wao kuulizwa wangeaminije? Huko Murang'a, ambako kazi ya mitaro ililazimishwa kwa namna iyo hiyo, wanawake waliandamana mwaka 1948 kuikataa.

Katika miaka hiyo hiyo jirani yetu Tanganyika alishuhudia jambo lililo kubwa zaidi. Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya vita, iliazimia kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Matrekta yaliletwa, reli na bandari zikapangwa, na hesabu zote zikafanywa London. Lakini mizizi ya pori la Kongwa ilivunja majembe ya chuma, udongo wake wa mfinyanzi uligeuka tofali jua lilipowaka, na mvua haikufuata kalenda. Wagogo, ambao ni wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, walikuwa wameishi na mvua hiyo na udongo huo tangu enzi na enzi. Si kwao mpango ule ulikoanzia. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Kongwa ni ushahidi wa msemo huo.

Ni nini basi kilichogeuza mambo Machakos? Si jambo moja, bali mambo manne yaliyokutana katika miaka ya 1950.

La kwanza ni mwethya. Serikali, ikiisha kuona kwamba amri haitoshi, ilikubali kazi ifanywe na vikundi vya majirani kwa desturi yao wenyewe. Vikundi hivyo vilichagua viongozi wao, na mara nyingi kiongozi aliyechaguliwa alikuwa mwanamke. Leo walichimba kwa fulani, kesho kwa mwenzake. Mtu aliyachimba matuta ya jirani akijua kwamba zamu yake itafika, na kwamba ardhi itabaki kuwa ya mwenyewe. Tusisahau pia kwamba Serikali ilikuwa na haja yake, kwani huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, nayo haikutaka Ukambani iingie katika vita vya Mau Mau. Lakini hata kama nia ilichanganyika, namna ya kufanya kazi ilikuwa imebadilika.

La pili ni ngazi zenyewe. Wakulima walipoachiwa kuchagua, wengi waliacha mtaro mwembamba wakachagua fanya juu, ijapokuwa kazi yake ni nzito zaidi. Mkulima huchimba mtaro wenye kina cha futi mbili hivi, akifuata mstari wa kimo kimoja kuzunguka kilima, na udongo wote huutupa upande wa juu, ukawa tuta. Juu ya tuta hupanda majani, ambayo mizizi yake hulishika na ambayo huliwa na ng'ombe. Mvua ikinyesha, maji yashukayo na udongo wake hukuta tuta yakasimama. Maji huzama, udongo hubaki. Mwaka wa pili udongo huo umezidi, mwaka wa tatu zaidi, mpaka mteremko kati ya tuta na tuta ukawa karibu sawasawa kama sakafu. Kwa hiyo mvua ile ile iliyokuwa ikiharibu shamba huimaliza kazi aliyoianza mkulima. Wakamba wengi walikuwa wamerudi kutoka vitani Bara Hindi na Burma, wakiwa wamekwisha kuona wakulima wa nchi nyingine na kazi zao, na jambo la kukata mlima ngazi halikuwa geni kwao tena.

La tatu ni faida. Kwa miaka mingi Mwafrika alikuwa amezuiliwa kulima kahawa. Katika miaka ya 1950 ruhusa ilifika Machakos, kwa sharti kwamba miche ipandwe juu ya ngazi. Mara ngazi ikawa na thamani ambayo mtu aliweza kuihesabu mfukoni mwake. Aliyekuwa akichimba kwa kuogopa faini akaanza kuchimba kwa sababu ya kahawa, na baadaye kwa sababu ya mboga na matunda yaliyouzwa Nairobi.

La nne ni hakika ya kumiliki. Mtu hapandi mwembe katika shamba ambalo hajui kama mwaka ujao litakuwa lake. Kadiri watu walivyojihakikishia mashamba yao, na baadaye kuandikishiwa, ndivyo walivyokubali kutoa jasho ambalo malipo yake huja baada ya miaka mingi.

Uthibitisho wa hayo ulikuja baada ya uhuru. Mwaka 1963 ulipofika, watu wengi walikuwa wameyachukia matuta kama alama ya utawala wa kigeni, na mahali pengine hayakutengenezwa tena. Lau kama ngazi zingekuwa kitu cha Serikali tu, zingekufa wakati huo. Hazikufa. Bila ya amri ya mtu, na mara nyingi bila msaada wowote, wenye mashamba walianza tena kuchimba, na picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha baadaye kwamba ardhi yenye ngazi iliongezeka, haikupungua. Jembe lilikuwa lile lile na kilima kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kuchimba sasa alichimba kwa shauri lake.

Wala wenye elimu hawakukosa kazi. Katika kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, wataalamu walitafuta mbegu ya mahindi iwezayo kukomaa mapema kabla mvua haijakatika, na katika miaka ya 1960 mahindi ya Katumani yakaanza kutolewa kwa wakulima. Wakulima waliyapokea kwa busara yao wenyewe: wengi waliyapanda pamoja na mbegu zao za zamani, ili mvua ikiwa fupi wale haya, na ikiwa ndefu wale yale. Kuanzia mwaka 1978 kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya na majirani zake, kilijulikana kwa kujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta. Na ndani ya mchanga huo maji hukaa miezi mingi, jua lisiweze kuyakausha upesi. Hapo tena elimu ya mjenzi na maarifa ya mwenye mto vilikutana.

Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya safari hiyo ya Machakos. Katika wilaya ile ya zamani, ambayo leo ni kaunti za Machakos na Makueni, waliona kwamba watu walikuwa wapatao 240,000 katika miaka ya mwanzo ya 1930, na karibu milioni 1.4 kufikia mwaka 1990. Yaani watu walikuwa karibu mara sita, na hata hivyo mahali palipopigwa picha za jangwa mwaka 1937 palikuwa na miti zaidi na makorongo machache. Thamani ya mazao kwa kila mtu nayo ilikuwa imepanda. Kwa wale waliodhani kwamba watu wakizidi ardhi lazima ife, habari hii ilikuwa mshangao.

Lakini tusiifanye Machakos kuwa hadithi ya ajabu. Wasomi wengine wamekumbusha kwamba Nairobi iko karibu, na kwamba mshahara wa mume au wa kijana aliyeko mjini ndio ulionunua plau, mbegu na ng'ombe. Si kila eneo kame lina mji mkubwa mlangoni pake. Wamekumbusha pia kwamba wako waliobaki nyuma, hasa wenye vishamba vidogo na wale waliohamia sehemu kavu zaidi. Na njaa haikukoma. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuja moja ambayo Wakamba waliiita Nikw'a ngwete, maana yake "nakufa nikiwa nimeshika", kwa kuwa watu walikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakikuonekana. Ngazi huzuia udongo; haziwezi kuita mvua.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako wasemao kwamba mkulima aachwe peke yake, kwani yeye ndiye ajuaye ardhi. Hiyo ni nusu ya kweli. Mkulima ajua kila kona ya shamba lake, lakini maji ya mvua hayajui mpaka wa shamba. Mtaro wa kuyaelekeza maji ukiishia kwenye mpaka wa jirani, humchimbia jirani korongo. Mto ukivunwa mchanga wake upande wa juu ili kujengea nyumba za mjini, visima vya upande wa chini hukauka. Ndiyo sababu Makueni walitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mambo kama hayo humhitaji mtu awezaye kuutazama mto mzima, kulinganisha mvua ya miaka thelathini, na kuketisha pamoja watu wa juu na watu wa chini. Huyo ndiye mwenye ramani, nasi hatuna budi kuwa naye. Lakini ramani haionyeshi ni nani atakayelima wakati mume yuko mjini, wala ni ng'ombe wangapi wanaotosha kuwa akiba ya njaa, wala ni kilima gani ambacho watu hawakikati kwa heshima ya wazee wao. Hayo huonekana kwa mwenye jembe peke yake.

Jambo hili si la kale. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Katiba ya mwaka 2010 iliagiza wananchi washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi yake. Kwa hiyo ramani zinachorwa tena. Hatari iliyopo sasa si ile ya mwaka 1938, ya kutoulizwa kabisa. Ni ya kuulizwa kwa midomo tu: watu wakaitwa barazani wakati kila jambo limekwisha kukatwa, wakasomewa kurasa wasizozielewa, wakatia sahihi kwamba wamehudhuria, wakaenda zao. Mpango wa namna hiyo una sahihi nyingi, lakini siku ya kuchimba hauna mikono.

Wanafunzi mnaosoma insha hii, baadhi yenu mtakuwa mabwana na mabibi shamba, wapima ardhi, na wajumbe wa mabunge ya kaunti. Na wengi wenu mtarithi mashamba. Mtakaposhika ramani, nendeni kwanza mkasimame juu ya kilima mnachotaka kukichora, mumwulize mama alimaye pale ni wapi maji hupita mvua ikiwa kubwa. Na mtakaposhika jembe, msimfukuze mgeni mwenye vitabu kabla hamjamsikiliza, kwa maana huenda ameona mto wenu mahali ambapo ninyi hamjafika. Wazee wenu wa Machakos walipoteza miaka mingi, na udongo mwingi, kabla watu wa namna hizo mbili hawajaketi pamoja. Udongo ule ulichukuliwa na Mto Athi mpaka baharini, wala haurudi. Uliobaki umeshikwa na zile ngazi, nazo kila mwaka kabla ya mvua zinahitaji mtu wa kuzitengeneza.